Hakusema Hapana, Alisema Bado

(Hotuba niliyoitoa mbele ya walimu na wanachuo wa Kiswahili mjini Tanga. Nimeiandika upya kwa ajili ya wasomaji, ila mengi nimeyaacha kama nilivyoyasema.)

Walimu wangu mlionilea, walimu wenzangu, wanachuo, na wazazi mliokuja kutusikiliza: hamjambo, na shikamooni wote mnaostahili shikamoo yangu.

Nianze na jambo lililonipata nikiwa kijana, kabla sijajua kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kuchunguza maana. Nilipata kibarua cha kuuliza watu maswali, nyumba kwa nyumba, katika vijiji vya Pangani. Fomu iliandikwa kwa Kiingereza kwanza, kisha ikatafsiriwa, na kila swali lilikuwa na visanduku viwili: Ndiyo na Hapana. Nikafika kwa dada mmoja, amekaa barazani anasuka ukili. Nikamuuliza, "Dada, una watoto?" Akanijibu, "Bado." Nikatia alama kwenye Hapana, nikawa nageuza ukurasa. Akataka kujua nimeandika nini. Nikamwambia nimeandika hapana. Akaweka ukili wake chini, akanitazama.

"Mimi sikusema hapana. Nimesema bado."

Nikamwomba radhi. Nikachora kisanduku cha tatu pembeni kwa kalamu, nikaandika neno lake. Jioni msimamizi wetu akakifuta, akasema wanaoingiza takwimu hawana pa kukiweka.

Swali la dada yule halijaniacha mpaka leo. Tazameni: siku ile hakuwa na mtoto. Angesema "sina", angesema kweli. Aliposema "bado", alisema kweli vilevile. Hali ya nyumba yake ni ile ile, majibu ni mawili, na yeye alikuwa tayari kugombana nami kwa ajili ya tofauti iliyopo kati yake. Tofauti hiyo iko wapi? Imo ndani ya neno? Imo moyoni mwa msemaji? Au imo katika desturi yetu ya kutoyafungia mlango majaliwa ya Mungu? Hilo ni swali la semantiki, yaani elimu ya maana, na jioni hii nataka niwaonyeshe jinsi wanaisimu, wale wachunguzi wa lugha, wanavyolishika swali la namna hiyo mikononi.

Jina semantiki si la kale sana. Mfaransa Michel Bréal ndiye aliyeliingiza katika matumizi mwaka 1883. Lakini habari ya maana watu walikuwa wameiuliza kwa karne nyingi kabla yake: wanafalsafa wa Kigiriki, wanasarufi wa Kihindi, wanazuoni wa Kiarabu waliobishana juu ya uhusiano wa tamko na maana. Hata neno letu hili, maana, tumelipata kwa Waarabu.

Mtu ukimuuliza maana ya neno, kwa kawaida atakupa neno jingine. Kamusi nayo hufanya hivyo. Mimi naiheshimu kamusi. Toleo la kwanza la Kamusi ya Kiswahili Sanifu la mwaka 1981 ninalo nyumbani, limechakaa kwa kufunguliwa. Lakini kamusi hukueleza maneno kwa maneno, na anayeisoma inampasa awe anaijua lugha tayari. Ukitaka kueleza "bado" utasema ni jambo ambalo "halijatokea". Tazama hiyo -ja- iliyomo ndani ya "halijatokea": imebeba mzigo ule ule uliotaka kuufungua. Umezunguka mnazi ukarudi ulipoanzia.

Mwanaisimu anafanyaje basi? Anafanya kama mama anayenunua nazi sokoni. Haruhusiwi kuivunja. Anaitikisa sikioni, anasikiliza maji. Sisi nasi maana hatuioni kwa macho, kwa hiyo tunaitikisa sentensi: tunabadilisha kitu kimoja, tunaacha vingine vilevile, kisha tunamsikiliza mwenye lugha anasemaje. Hii inafaa, ile haifai. Hii ni kweli pale, ile si kweli. Hizi mbili zinagongana, zile zinakaa pamoja.

Tujaribu. Babu yangu mzaa mama alikuwa na mdogo wake aliyefariki bila kuwa na mke maisha yake yote. Nikiwaeleza habari zake nitasema, "Hakuoa." Sasa sikilizeni nikisema: "Marehemu hajaoa."

Naona mmekunja nyuso. Hakuna mwalimu aliyewafundisha kukunja nyuso hapo, wala hamkusoma kanuni hiyo popote, na bado ukumbi mzima umekubaliana kwa sekunde moja. Huo ndio ushahidi wetu. "Hakuoa" ni habari iliyofungwa. "Hajaoa" inasema hakuna ndoa mpaka sasa, na kwamba mlango uko wazi. Kwa marehemu mlango umefungwa, ndiyo maana sentensi inakataa. Lakini ngojeni: "Alifariki hajaoa." Hiyo mbona inakubalika? Kwa sababu tumerudi nyuma, tumesimama kwenye saa ile ya kufariki, tunatazama kutoka pale. Kumbe -ja- haipimi kutoka wakati wa kusema tu. Inapima kutoka pale msimuliaji alipojisimamisha. Kwa sentensi tatu fupi tumepata jambo ambalo kamusi isingetupa.

Nikae hapa kidogo, maana viambishi vya kitenzi chetu ni hazina, na wengi tunavipita tukikimbilia misamiati. Chukueni -me-. Shuleni tulifundishwa kwamba -na- ni wakati uliopo na -me- ni wakati uliopita hivi karibuni. Sawa. Mtoto anaulizwa, "Baba yuko wapi?" Anajibu, "Amelala." Baba analala sasa hivi, anakoroma, hakuna kilichopita. Nikimwona mama amependeza arusini nitasema "amevaa gauni jekundu", na gauni liko mwilini sasa. Nikisema "anavaa", nipo mlangoni nangoja amalize. "Amesimama" yuko wima. "Anasimama" ndiyo kwanza anainuka kitini. Lakini "anajua" ni hali aliyonayo sasa, na "amejua" ni kwamba imempata hivi punde. Mbona hapa imegeuka?

Jibu halimo katika -me- wala -na-. Limo katika mzizi. Lala, simama, vaa, kaa, choka: vitenzi hivi hutaja kule kuingia katika hali. Ukishaingia, -me- hukuonyesha uko ndani. Jua, penda, taka: hivi hutaja hali yenyewe tangu mwanzo. Mwanafalsafa Zeno Vendler mwaka 1957 aliyagawa matukio katika aina nne kwa kutazama jinsi vitenzi vinavyohusiana na wakati: kuna hali, kuna shughuli isiyo na kikomo chake, kuna kazi yenye mwisho wake, na kuna tukio la mara moja. Mifano yake ilikuwa ya Kiingereza. Sisi tuna yetu, na mingine naiona mizuri kuliko ya kwake, kwa sababu kwetu tofauti hiyo inasikika katika silabi moja tu. Mgeni anayejifunza Kiswahili hukosea hapa miaka mitano, na mtoto wa miaka mitatu wa Chumbageni, hapa hapa Tanga, hakosei. Mtoto huyo anajua semantiki ambayo mimi nimetumia maisha yangu kuitafuta kwa nje.

Sasa tutoke kwenye viambishi twende minazini.

Bibi yangu hakupata kusoma, lakini hungemdanganya kuhusu tunda la mnazi. Likiwa dogo kabisa ni kidaka. Likikua kidogo ni kitale. Likijaa maji matamu na nyama laini ya kukombwa kwa kijiko ni dafu. Nyama ikianza kukomaa na maji kupoteza utamu, lakini haijafaa kukunwa, ni koroma. Ikikomaa ni nazi. Ikikauka maji ndani ni mbata. Nikiwa mtoto nilimletea koroma nikamwambia, "Bibi, hili dafu." Akaligonga kwa kidole, akasema, "Dafu lilikuwa wiki iliyopita."

Koroma ni nini? Huwezi kueleza bila kutaja dafu upande huu na nazi upande ule. Mswisi Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa na wanafunzi na wenzake mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, alifundisha jambo hilo hilo: neno hupata thamani yake kwa majirani zake. Alitoa mfano wa kondoo. Mfaransa ana neno moja kwa mnyama aliye malishoni na kwa nyama yake mezani. Mwingereza ana mawili, kwa hiyo hata neno la Kiingereza la mnyama halilingani kabisa na lile la Kifaransa, maana lina jirani anayelibana. Kwetu sisi mfano umo sahanini kila siku. Shambani ni mpunga, gunia la dukani ni mchele, mezani ni wali. Mwingereza hutumia neno moja. Ukimtuma mtoto dukani akanunue wali, atakwenda kwa mama ntilie.

Hapa kuna kishawishi, nami nawaonya dhidi yake kwa sababu nilikianguk­ia zamani. Ni rahisi kusema: tazama, lugha yetu ni tajiri, yao ni maskini. Lakini geuza upande wa pili. Sisi tuna "mkono" kuanzia begani hadi vidoleni, wao wanao mawili. Sisi tuna "mguu", wao wana mawili. "Kidole" chetu kiko mkononi na mguuni. Hakuna anayeshindwa kujua ameumia wapi. Tukihitaji tutasema kiganja, tutasema unyayo. Lugha hukata kitambaa pale watu wake walipokuwa na haja ya kukata, na pengine palepale tu kisu kilipopita bila sababu tunayoweza kuieleza.

Rangi nazo zina habari ya namna hiyo. Mwaka 1969 watafiti wa Kimarekani Brent Berlin na Paul Kay walilinganisha majina ya rangi katika lugha 98, wakapendekeza kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi itakuwa na jeusi, jeupe na jekundu, na mengine hufuata kwa mpango. Nadharia yao imepigwa sana na kurekebishwa. Lakini semeni wenyewe ni rangi zipi katika Kiswahili zinazokubali kiambishi: nguo nyeusi, kitabu cheupe, gari jekundu. Zimekwisha. Zilizobaki tumezikopa kwenye vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, manjano kwa bizari, kahawia kwa kahawa, samawati kwa mbingu. Sarufi imehifadhi zile tatu peke yake.

Kuna jambo wanafunzi hunijia nalo kila mwaka: neno moja lenye maana mbili, je, ni neno moja au ni maneno mawili yaliyofanana sura? Wanataka kanuni. Kiswahili kina kipimo ambacho lugha nyingi za Ulaya hazina, nacho ni upatanisho wa ngeli. "Ndege huyu ametua." "Ndege hii imetua." Wa kwanza ana manyoya, ya pili ina marubani. "Mbuzi wangu amepotea": nenda kamtafute malishoni. "Mbuzi yangu imepotea": nenda jikoni, leo nazi haitakunwa. Sauti ya nomino ni moja, lakini sarufi inaijua tofauti na inaitangaza katika kila neno linalofuata. Hata hivyo kipimo hicho hakimalizi kesi. Kaa wa baharini na kaa la moto hayana undugu wowote, ni ajali ya sauti. Ndege ya chuma, kwa upande mwingine, ilipewa jina kwa sababu iliruka kama ndege, na kila msemaji anauona uzi huo. Hapo tunasema ni neno moja lililokua likapata tawi. Kipimo kingine ni kuziunganisha maana mbili kwa kitenzi kimoja. "Amekata kamba na kuni": sawa. "Amekata kamba na tamaa": hapana, sentensi imeteguka kifundo. Mkato wa kamba na mkato wa tamaa havikai katika kitenzi kimoja kwa wakati mmoja.

Na hapo tunagusa jambo lililonisumbua kuliko yote nilipokuwa mwanachuo. Mjerumani Gottlob Frege, mtu wa hisabati, ndiye anayehusishwa na wazo kwamba maana ya sentensi hujengwa na maana za sehemu zake na jinsi zilivyopangwa. Bila hivyo tungeelewaje sentensi ambayo hatujawahi kuisikia? Wazo hilo ni la lazima. Lakini chukueni "piga". Piga ngoma, sawa, kuna mkono na kuna kishindo. Piga pasi. Piga simu. Piga picha. Piga kura. Piga mswaki. Piga deki. Piga magoti. Piga chafya. Piga mbizi. Piga hodi. Katika hizo, kishindo kiko wapi? Mtu anayepiga kura hagongi kitu. Nilijaribu kutafuta maana moja inayozikusanya zote, nikajaza daftari zima, nikashindwa. Leo nadhani swali langu lilikuwa na kasoro. Katika nyingi ya hizi "piga" limebaki kuwa mlango wa kuingizia nomino katika tendo, na nomino ndiyo inayobeba mzigo. Ndiyo maana teknolojia mpya ikija tunajua papo hapo la kufanya: simu ilipofika hatukuitisha kamati, tuliipiga. Baadhi ya maana hujengwa tofali kwa tofali, na baadhi huja kama ukuta uliokwisha kusimama.

Kuhusu sentensi nzima, nitawapa kisa kimoja tu. Shule moja, siitaji, ilibandika tangazo kwenye mbao: "Wanafunzi wote wa kidato cha pili hawajalipa ada." Mzazi mmoja akaja na risiti mkononi, amekasirika, anataka aombwe radhi. Mkuu wa shule akamwambia: hatukusema hakuna aliyelipa, tumesema si wote waliolipa. Nani alikuwa na haki? Wote wawili. Katika sentensi ile kuna vitu viwili vinavyogombea ukubwa: "wote" na kikanushi, ile ha- iliyomo katika "hawajalipa". "Wote" likikaa juu, kila mwanafunzi ana deni. Kikanushi kikikaa juu, kinachokanushwa ni ule ujumla tu, na huenda wanaodaiwa ni watatu. Maneno ni yale yale, mpangilio ni ule ule unaoonekana kwa macho, majengo ni mawili. Mmarekani Richard Montague alidai mwaka 1970 kwamba hakuna tofauti kubwa ya kinadharia kati ya lugha za watu na lugha za wanamantiki, akaanza kuyachambua maneno kama "kila" na "wote" kwa zana za hisabati. Wapo wanaoona kazi hiyo ni kavu. Mimi nasema tangazo lile lingeandikwa na mtu aliyezoea kujiuliza kipi kiko juu ya kipi, angeandika "Si wanafunzi wote waliolipa ada", na mzazi yule angebaki shambani kwake.

Sasa nirudi kwa dada wa Pangani, maana nimemwacha barazani muda mrefu.

Mwingereza Paul Grice, katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1967, aliwafundisha watu kutenganisha kilichosemwa na kilichodokezwa. Unaingia dukani: "Una sukari?" Muuzaji: "Chumvi ipo." Hakusema sukari hakuna. Umejua mwenyewe, kwa sababu unaamini anakujibu kwa nia ya kukusaidia. Na dokezo lina alama yake: linaweza kufutwa bila kugongana na kilichosemwa. "Baadhi ya walimu wamefika." Umeelewa si wote. Lakini naweza kuendelea: "Baadhi ya walimu wamefika, tena wote." Nimelifuta, na sijajipinga.

Tuitikise "bado" kwa kipimo hicho. Dada anasema: "Bado, na wala sitaki." Majirani watashangaa, lakini kila mmoja ameelewa, wala hatasema amejipinga. Sasa aseme: "Bado, na haiwezekani kamwe." Hapo masikio yanakataa. Sentensi inajitafuna. Basi tumepata mstari tuliokuwa tunautafuta. Kwamba mlango uko wazi, hilo limo ndani ya neno lenyewe, halifutiki. Kwamba anatamani kuingia mlangoni humo, hilo tunaliongeza sisi wasikilizaji, na linaweza kuondolewa. Nilipoandika hapana sikumwondolea matumaini tu ambayo huenda hakuyasema. Nilifuta sehemu ya kile alichokisema hasa. Alikuwa na haki ya kukasirika, na fomu ile ilikuwa imekosea kwa kipimo cha kitaaluma kabisa, mbali na adabu.

Kuna maneno mengine ambayo hayaelezi hali ya mambo hata kidogo, bali yanaibadilisha. Mmewahi kukaa kwenye nikaha, moshi wa ubani umejaa chumbani, mzee kamshika kijana mkono. Anamwambia: "Nimekuoza binti yangu kwa mahari mliyopatana." Kijana anajibu: "Nimekubali." Kabla ya sentensi hizo mbili hakukuwa na ndoa. Baada yake ipo. Huwezi kumuuliza mzee, je, ni kweli uliyosema? Mwanafalsafa Mwingereza John Austin alilieleza jambo hili mwaka 1955, naye Harvard palepale, akionyesha kwamba usemi wa namna hii hupimwa kwa masharti yake kutimia: kuwe na walii, kuwe na mashahidi, kuwe na ridhaa. Mimi nimeyatamka maneno yale hapa jukwaani na sijamwoza mtu. Kinachonivutia zaidi ni kiambishi. Vitabu vya Ulaya hutuambia usemi wa kutenda huja katika wakati uliopo, na kweli sisi pia tuna "naapa" na "naahidi". Lakini masikio yangu, tangu utotoni, yamezoea "nimekuoza", kwa -me-, kama kwamba jambo limekwisha wakati ndiyo kwanza linafanyika. Kiarabu cha nikaha nacho hutumia umbo la wakati uliopita, zawwajtuka. Naamini tumelipokea kutoka huko, na likatua vizuri kwetu kwa sababu -me- yetu, kama tulivyoona kwa "amelala", hukuonyesha umekwisha kuingia katika hali.

Nimalizie na jambo linalonitia wasiwasi. Mwingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa wenzake linaoandamana nao. Kompyuta za leo zinazotafsiri na kujibu maswali zimejengwa juu ya wazo la ukoo huo: zinasoma maandishi mengi mno, zinahesabu neno gani hukaa karibu na lipi. Kwa Kiswahili kazi ya kukusanya maandishi imefanyika, na mkusanyo mmoja mkubwa, wenye maneno zaidi ya milioni kumi, ulijengwa Helsinki, Finland, chini ya Profesa Arvi Hurskainen. Nawashukuru kwa dhati. Lakini maandishi yetu mengi ni magazeti, vitabu na nyaraka. Bunge na soka vimo kwa wingi. Koroma limo mara ngapi? Kitale je? Mashine haiwezi kujua majirani wa neno ambalo halijaandikwa, na wanaolisema wanazidi kupungua kila mwaka. Bibi yangu alikwenda zake na maneno ya ukili na chane ambayo sikumuuliza, ingawa nilikaa miguuni pake akiyatumia.

Kwa hiyo nina ombi, hasa kwa wanachuo. Pale mezani karibu na mlango kuna daftari. Likizo hii kila mmoja akirudi kwao achague kazi moja tu: kuvua, kusuka, kukwea minazi, kukanda, kusaga, kushona. Akae na wanaoifanya. Aandike neno alilolisikia, mahali aliposikia, umri wa msemaji bila jina lake, na sentensi nzima kama ilivyosemwa. Si tafsiri, si maelezo yako. Sentensi nzima. Kisha aitikise: je, ungesema hivi? Je, na hivi? Aandike na pale walipokunja uso, maana hapo pana thamani kuliko pale walipokubali.

Na ukiuliza ukajibiwa bado, andika bado.

Ahsanteni.